Sauti ya mikutano ya mtandaoni katika vyumba vya chuo vinavyovuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila muhula kutoka kwa makatibu wa idara, wahadhiri na mafundi wa TEHAMA. Chumba kinachozungumziwa ni kile mnachokijua: sakafu ya tailizi, kuta za plasta zilizopigwa rangi ya mafuta, madirisha ya vioo upande mzima, meza ndefu katikati na feni juu yake. Ukiwa na haraka, soma swali la 5 kwanza.

## Tatizo lenyewe

1. Chumbani tunasikilizana vizuri tu. Mbona walio mtandaoni wanasema hawaelewi?

Kwa sababu masikio yenu yanafanya kazi ambayo maiki haiiwezi. Aliyemo chumbani ana masikio mawili, anaiona midomo ya msemaji, na ubongo wake unafuata sauti inayotoka kule msemaji alikokaa huku ukiipuuza inayorudi kutoka ukutani. Maiki iliyowekwa katikati ya meza huzoa zote mbili na kuzituma zikiwa zimeshachanganyika. Aliye mbali hana tena namna ya kuzitenganisha.

Kwa hiyo mwamuzi wa sauti ya chumba chenu ni yule asiyekuwemo. Msimuulize "Mnatusikia?" Atajibu "Ndiyo, Profesa" kwa adabu, kisha atakaa saa mbili akibahatisha. Mwambieni arudie sentensi ya mwisho aliyoisema mjumbe wa kule mwisho wa meza.

2. Mvumo na mwangwi ni kitu kimoja?

Katika ukurasa huu, hapana. Mvumo ni sauti inayobaki ikizunguka chumbani baada ya msemaji kunyamaza, na hutokana na kuta, sakafu na dari. Mwangwi ni pale mtu wa mbali anapoisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia baada ya kitambo. Huo hutokana na vifaa (maswali ya 12 na 13). Watu huyachanganya haya mawili, wakanunua dawa ya jicho kutibu sikio.

3. Ni nini kinachofanya chumba kivume?

Ukubwa wake na ugumu wa vilivyomo. Jambo hili lilipimwa kwa mara ya kwanza chuoni. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilimwomba mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, atafute dawa ya ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg, ambamo neno lilichukua zaidi ya sekunde 5 kufifia. Sabine alifanya kazi usiku, kukiwa kimya, akiwa na bomba la kinanda na saa ya kupimia. Alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi jirani wa Sanders, akawa anaiingiza na kuitoa huku akipima. Kanuni aliyoipata inatumika hadi leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti uliomo, utapata sekunde ambazo sauti inahitaji kushuka kwa desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti).

Tuijaribu. Chumba cha mita 8 kwa 6, chenye dari ya mita 3, kina mita za ujazo 144, na nyuso zake zote ni mita za mraba 180. Plasta, tailizi na kioo hunyonya kama asilimia 3 ya sauti inayovigonga, sawa na mita za mraba 5.4 za unyonyaji kamili. Waingize watu 10, kila mmoja na kama 0.45 yake, jumla inafika 9.9. Jibu ni sekunde 2.3.

Mtu akizungumza kwa kawaida hutamka silabi nne hadi tano kwa sekunde. Kwenye chumba cha sekunde 2.3, silabi inayofuata inatoka wakati iliyotangulia imeshuka kwa desibeli 5 tu. Zinapandana. Irabu, zenye nguvu, hubaki; konsonanti laini hufunikwa. Fikiria mwenyekiti wa kamati ya mitihani anaposema "hatapita" halafu kale ka-h kakamezwa na mvumo wa neno lililotangulia. Mjumbe wa mtandaoni anaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba mwanafunzi atapita.

4. Hatuna kipimo. Tutajuaje chumba chetu kiko wapi?

Simama katikati, piga kofi moja kavu, sikiliza. Ukikata papo hapo, chumba ni kizuri. Ukisikia mkia mrefu unaofifia polepole, hapo ndipo penye mvumo. Ukisikia "trrrr" ya haraka, kuna kuta mbili tupu zinazotazamana na sauti inaruka baina yake; hiyo ndiyo kasoro rahisi kuliko zote kuiondoa, maana kufunika ukuta mmoja kwatosha. Ili kupata namba, pasua puto na urekodi kwa simu, kisha fungua rekodi kwenye programu ya kuhariri sauti utazame mkia una urefu gani.

Lengo? Kiwango cha Marekani cha madarasa, ANSI S12.60, kinataka sekunde zisizozidi 0.6 kwa chumba cha hadi mita za ujazo 283, na kelele ya chumba kitupu isiyozidi desibeli 35. Vyumba vyetu vingi havitafika hapo kwenye kelele. Kwenye mvumo inawezekana.

## Maiki

5. Maiki ikae wapi?

Karibu na mdomo. Jibu hili huwaudhi watu kwa sababu haliuzwi dukani, lakini ndilo linalobeba mengine yote ya ukurasa huu.

Kila umbali kutoka mdomoni unapoongezeka maradufu, sauti inayokuja moja kwa moja kutoka kwa msemaji hushuka kwa desibeli 6. Mvumo haushuki, umejaa chumba kizima karibu kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo kuna umbali ambapo viwili hivyo vinalingana, na kupita hapo maiki inasikia chumba kuliko inavyomsikia mtu. Katika chumba cha swali la 3 umbali huo ni kama nusu mita. Maiki iliyo mita 2 kutoka kwa msemaji inapokea mvumo unaoizidi sauti yake kwa desibeli 12 hivi. Kuongeza volyumu kunavipandisha vyote viwili kwa pamoja, haisaidii kitu.

Sentimita 15 hadi 30 ni pazuri. Na maiki isikae juu ya meza tupu karibu na vikombe vya chai na pakiti za biskuti; kwa aliye mbali, pakiti ya biskuti ikifunguliwa hapo ni kama mabati yanayoezuliwa.

6. Tununue maiki ya aina gani?

Kwa kamati zenye watu wanaokaa mahali pao, maiki za shingo ndefu zenye kitufe, moja kwa kila mtu mmoja au wawili. Kwa mhadhiri anayetembea, ya kubana kwenye kola. Chagua zinazosikiliza upande mmoja: zinaupunguza mvumo wa nyuma, kwa hiyo unaweza kuwa mbali kidogo zaidi, karibu mara 1.7, kwa matokeo yaleyale.

Kama fedha haipo, maiki moja ya kushika mkononi inayopitishwa kutoka mjumbe hadi mjumbe itashinda kifaa cha gharama kilichotundikwa chini ya televisheni. Wakubwa hawaipendi, wanaona inawafanya wawe kama wako harusini. Hilo ni la kuzungumza na katibu wa kikao. Upande wa sauti, mimi ningechagua hiyo bila kusita.

7. Vipi ile maiki ya dari inayojielekeza yenyewe kwa msemaji?

Ni teknolojia ya kweli: maiki nyingi ndogo katika paneli moja, na kompyuta yake inajumlisha sauti zao ili kulenga upande mmoja. Kwenye chumba chenye dari ya kunyonya sauti na kapeti hufanya kazi vizuri. Kwenye chumba cha tailizi na plasta huwa iko mita 2 kutoka mdomoni, na hesabu ya swali la 5 haimwonei mtu haya. Chini ya feni ni balaa. Ule umbali wa kusikia unaoandikwa kwenye vipeperushi vya wauzaji usiuamini mpaka umejaribu chumbani kwenu. Tengenezeni chumba kwanza (swali la 9).

8. Tukiongeza maiki si tutasikika zaidi?

Zikiwa wazi zote kwa wakati mmoja, mtasikika vibaya zaidi. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, mvumo na kelele hupanda kwa desibeli 3. Kutoka maiki 1 hadi 8 ni desibeli 9. Ama kila mjumbe afunge yake anaponyamaza, au mtumie mikisa (mashine ya kuchanganya sauti za maiki) ya kujiendesha, inayompa anayezungumza nafasi na kuzishusha nyingine. Mmarekani Dan Dugan alizianzisha miaka ya 1970 na leo zimo hata kwenye mikisa za kawaida za kidijitali.

Jingine dogo linalosumbua kuliko linavyostahili: waya wa USB 2.0 usizidi mita 5. Ukiunganisha viendelezi viwili vitatu kutoka mezani hadi kwenye kompyuta iliyo ukutani, maiki itakatika katikati ya kikao na kila mtu atalaumu intaneti.

## Chumba chenyewe

9. Bajeti ni ndogo. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa kuhama. Karibu kila idara ina chumba kidogo chenye makabati ya vitabu, na vitabu vilivyopangwa bila mpangilio mzuri ni vinyonyaji vizuri vya sauti. Ukumbi wa kifahari wenye marumaru uacheni kwa picha za wageni.

Kama hakuna pa kuhamia, nendeni kwa seremala. Fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 5, ndani mkeka wa pamba ya mawe, ile inayofungwa kwenye mabomba ya mvuke na vyumba vya ubaridi, juu yake kitambaa kinachopitisha hewa. Kanga ya pamba inafaa kabisa. Weka kitambaa mdomoni upulize, pumzi ikipita na sauti itapita. Fundi avae glavu na barakoa anapokata, maana nyuzi zake zinawasha. Mkeka huo hunyonya kama asilimia 90 ya sauti za usemi. Mita za mraba 30 katika chumba cha swali la 3 zinashusha mvumo kutoka sekunde 2.3 hadi 0.6. Ni nyingi, najua. Nusu yake, mita 15, inashusha hadi sekunde 1, na hapo tayari ni chumba kingine: ule umbali wa nusu mita wa swali la 5 unasogea karibu na sentimita 70.

Paneli zitundikwe usawa wa vichwa vya waliokaa, kwenye kuta mbili zinazopakana, si zinazotazamana, ili kila jozi ya kuta iwe na upande mmoja laini. Zikibaki, weka juu ya meza, kwenye dari. Mapazia nayo yanasaidia yakiwa mazito, yenye mikunjo, na yakining'inia sentimita 10 hivi kutoka kwenye kioo. Pazia jepesi la nailoni ni pambo tu.

10. Trei za mayai, magodoro na kapeti je?

Trei za mayai hazina maana. Ni karatasi nyembamba, hainyonyi sauti za usemi kiasi cha kuhesabika, na inawaka upesi.

Sponji ya godoro hunyonya, lakini hatari yake ya moto ni kubwa mno kwa jengo la umma. Februari 2003, katika klabu moja ya muziki huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti. Watu 100 walikufa. Msiibandike.

Kapeti hunyonya sauti kali za juu na kuacha za chini, kwa hiyo chumba chenye kapeti tupu husikika kama kimefunikwa blanketi huku kikivuma. Faida yake kubwa ni kuzima mikwaruzo ya viti.

11. Feni na kiyoyozi vinaingia kwenye maiki. Tuzime?

Dar es Salaam mwezi wa Februari? Hapana. Washeni kiyoyozi kwa nguvu nusu saa kabla ya kikao, kisha mshushe kasi ya feni yake watu wanapoingia. Feni ya dari iliyo juu kabisa ya meza izimwe, za pembeni ziendelee, na kila maiki ivae sifongo yake, kwa kuwa upepo unaoigonga maiki unanguruma hata kama feni yenyewe haisikiki. Jenereta ikiwa upande wa madirisha, kaeni upande wa pili na maiki ziupe mgongo ukuta huo.

## Mwangwi, mluzi na programu

12. Mtu wa mbali anajisikia mwenyewe. Kosa la nani?

La upande ambao hausikii mwangwi. Tuseme wa Kisumu na wa Kigoma wanalalamika kuwa wanajisikia, na wa Morogoro wametulia. Basi ni Morogoro: spika yao inatoa sauti za wenzao, maiki yao inaziokota na kuzirudisha. Mwenyeji afunge maiki moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikifungwa mwangwi unakoma, ndiyo.

Programu zote za mikutano zina kifuta mwangwi: inajua ilichotuma kwenye spika, na hukiondoa kwenye kinachoingia kupitia maiki. Hushindwa pale spika ilipopandishwa mpaka inakwaruza, maiki inapohamahama, au mvumo ulipo mrefu kupita hesabu zake. Kwa hiyo shusheni spika, isogezeni mbali na maiki, na mpange kifuta mwangwi kimoja tu. Kama kifaa cha chumbani kinacho chake, tafuta kwenye mipangilio namna ya kuzima cha programu. Viwili vikifuatana hula mwanzo wa maneno.

13. Wajumbe wamefungua kompyuta zao ndani ya chumba kilekile, ikaanza kupiga mluzi.

Sheria ni chumba kimoja, mfumo mmoja wa maiki, mfumo mmoja wa spika. Anayetaka kuona slaidi kwenye kompyuta yake aingie bila sauti. Google Meet ina hali maalumu kwa mtu aliyeko chumbani, na Zoom inakuruhusu kutounganisha sauti kabisa. Kufunga maiki pekee hakutoshi, maana spika yake bado inatoa sauti iliyochelewa.

14. Kile kitufe cha kupunguza kelele tukiweke juu kabisa?

Kwa mtu mmoja mwenye hedifoni, sawa. Kwa chumba, kiwango cha juu huwaona walio mwisho wa meza kuwa ni kelele na kuwafuta. Kwenye Zoom ningeanzia cha chini na kupanda ikibidi. Ile mipangilio ya sauti asilia iliyowekwa kwa ajili ya wanamuziki msiiguse.

15. Spika ya Bluetooth inafaa?

Kusikilizia muziki, ndiyo. Kwa mkutano inachelewesha sauti, na maiki ya Bluetooth inapowashwa ubora hushuka karibu na wa simu ya zamani. Tumieni waya.

16. Tutajuaje kama tatizo ni intaneti na si chumba?

Sauti ya intaneti mbovu hukatikakatika, inakuwa ya roboti, au mtu anaganda. Sauti ya chumba kibovu haikatiki. Ipo muda wote, imefifia na ni kama inatoka pangoni. Sauti peke yake inahitaji chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, wakati video ya 720p inataka kama megabiti 1.2. Mtandao ukisuasua, zimeni video kabla ya kugusa kingine.

Kuchelewa ni jambo la pili. Pendekezo la kimataifa G.114 linataka sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150. Kampasi inayopitia setilaiti za juu kabisa haiwezi kufikia hapo, kwa kuwa safari ya kwenda na kushuka peke yake ni kama 240. Huko mwenyekiti awaite wasemaji kwa majina, vinginevyo watakatizana siku nzima.

## Hali za pekee

17. Utetezi wa tasnifu, mtahini wa nje yuko mtandaoni. Tupange vipi?

Mtahiniwa ndiye anayesahaulika: anasimama kwenye ukuta wa slaidi, maiki iko mezani kwa jopo. Avae ya kubana kolani, na spika iwe mahali anapomsikia mtahini bila kugeuka. Kila mwanajopo azungumzie kwenye maiki yake au anyamaze. Alama na uamuzi wa mwisho, hata kama vimesomwa kwa sauti, viandikwe pia kwenye gumzo la mkutano, kwa sababu ya lile tatizo la "hatapita". Na pawe na simu yenye salio, namba ya mtahini ikiwa imeshahifadhiwa.

18. Ukumbi mkubwa una spika zake ukutani. Wa mbali wanajisikia hata tukifanya yote ya swali la 12.

Fundi amepeleka mchanganyiko mzima wa sauti kwenye kompyuta, zikiwemo sauti za walio mbali. Kompyuta ipelekewe maiki za ukumbini peke yake. Kwenye mikisa, tumia njia ya pembeni, na kwenye njia hiyo ishushe sauti inayotoka kwenye kompyuta mpaka sifuri. Ni kazi ya dakika tano kwa anayeijua mikisa.

19. Chumba kiko kwenye jengo la kale, haturuhusiwi kupigilia hata msumari.

Zanzibar hili ni la kila siku. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kuta zake za mawe na chokaa haziguswi bila kibali. Tengenezeni paneli za swali la 9 ziwe na miguu, zisimame nyuma ya wajumbe kama viambaza vya kuhama. Pande zote mbili zikiwa wazi hunyonya zaidi kuliko zilizobandikwa. Zulia nene ukutani, likining'inia kwenye fremu yake lenyewe, nalo linakubalika.

20. Mvua ikinyesha kwenye mabati hakuna kinachosikika.

Hakuna programu itakayoizuia. Dari ya jipsam yenye pamba ya mawe juu yake hupunguza sana, lakini huo ni mradi wa ujenzi. Kwa siku hiyo hiyo, wanaozungumza wavae hedifoni zenye maiki mbele ya mdomo, kila mmoja kwenye kompyuta yake na spika zote za chumba zikiwa zimezimwa; hapa, na hapa tu, sheria ya swali la 13 inalegezwa. Wengine waandike kwenye gumzo. Masika yakiwa yamekolea, vikao vya kamati viwekwe kwenye jengo la ghorofa, chini ya zege.